Mzee Haanguki Bure

Msomaji mpenzi, hebu nikuulize swali moja. Je, umepata kuipita njia ya chooni kwenu usiku wa manane, bila taa, kwa macho na magoti ya mtu wa miaka 75? Labda hujaipita. Mimi nami sikuwa nimeifikiri njia hiyo hata siku moja, mpaka usiku ule alipoanguka bibi yangu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mwanamke wa nguvu. Alilima, alichanja kuni, na wajukuu watano walilelewa mgongoni pake. Usiku mmoja wa masika, kama saa tisa hivi, aliamka kwenda kujisaidia. Hakumwita mtu, kwa maana mtu mzima huona haya kuwaamsha watoto kwa jambo kama hilo. Akaruka kizingiti salama. Lakini hapo uani palikuwa na kamba ya mbuzi ambayo sisi vijana tuliiacha jioni, imefungwa kwenye kigingi na kunyoshwa njiani. Tulimkuta alfajiri, amelala ubavu katika matope, ametetemeka kwa baridi hata sauti imemwisha.

Mguu wake wa kushoto ulionekana mfupi kuliko wa kulia, na unyayo ulikuwa umelala kwa nje. Sote tuliona. Hakuna hata mmoja aliyejua maana yake. Akaitwa fundi wa kukanda viungo, akasema nyonga imeteguka, akamkanda siku tatu kwa mafuta ya moto huku bibi akilia. Hakusimama tena. Akapata vidonda mgongoni, kisha kikohozi, na kabla ya mavuno tukamzika.

Msibani wengi walisema, "Basi tena, ni uzee." Wengine wakanong'ona wakimtaja mama mmoja jirani, ati amemwendea kwa mganga. Mimi nilizunguka nyuma ya nyumba. Kamba ya mbuzi ilikuwa ingali pale pale.

Ndiyo sababu nakuandikia habari hizi. Mzee haanguki bure. Kila anguko lina chanzo chake, na mara nyingi vyanzo ni viwili au vitatu vilivyokutana: giza, kamba, na mguu usioweza tena kujiokoa kwa hatua moja ya haraka. Kijana akijikwaa, hupepesuka akasimama, akacheka. Mzee naye hujikwaa vile vile, ila mguu wake huchelewa kidogo tu, na huko kuchelewa kidogo ndiko kunakomwangusha.

Wala usidhani kwamba hili ni jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu mwaka 2021, kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka. Katika ajali zote zisizokusudiwa, ni ajali za barabarani peke yake zinazoua watu wengi kuliko hizo. Zaidi ya 80 katika kila watu 100 wanaokufa hivyo ni wa nchi zenye kipato kidogo au cha kati, yaani nchi kama zetu, na walio wengi wamepita miaka 60. Twaogopa nyoka, twaogopa radi, lakini kizingiti chetu hatukiogopi.

Tena si jambo la fukara tu, wala si la kuonewa aibu. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, alipokuwa Baba Mtakatifu, alianguka Novemba 1993 mbele ya wageni wake akaumia bega. Haukupita mwaka, tarehe 28 Aprili 1994, akateleza bafuni, akavunjika mfupa wa paja karibu na nyonga, naye alikuwa na miaka 73. Kesho yake akapasuliwa katika hospitali ya Gemelli huko Roma, na tangu hapo tukazoea kumwona na mkongojo. Papa Benedikto wa Kumi na Sita, katika Julai 2009, alianguka usiku chumbani alikokuwa akipumzika huko milimani Italia, akavunjika kifundo cha mkono. Papa Fransisko naye alianguka Januari 2025 nyumbani mwake akaumia mkono. Hao walikuwa na sakafu nzuri, na taa, na watu wa kuwatumikia. Sembuse bibi mwenye kibatari?

Njia ya chooni

Nianze na njia hiyo, maana katika vijiji vyetu hakuna mahali panapowaponza wazee kuliko hapo. Choo kiko mbali na nyumba, nasi twajua sababu. Lakini mzee huamka kukojoa mara mbili, mara tatu usiku, naye huamka akiwa na usingizi, giza totoro, na mvua imenyesha.

Sikiliza jinsi mwili unavyosimama, upate kuelewa hatari ya giza. Mtu husimama wima kwa msaada wa vitu vitatu. Macho humwonyesha ulipo ukuta na ilipo nchi. Nyayo humwambia kama anakanyaga tambarare au mteremko. Na ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo kinachojua kama kichwa kimeinama. Kwa mzee, vyote vitatu vimepungua nguvu. Mwenye kisukari cha siku nyingi huenda nyayo zake zimekufa ganzi. Basi ukimwondolea na macho kwa kumtia gizani, umebakiza nini? Ndiyo maana mzee atembeaye vizuri sana mchana aweza kuanguka usiku katika njia ile ile.

Basi, chukua jembe. Pita njia hiyo kuanzia kitandani kwa mzee mpaka chooni, na tena polepole kama apitavyo yeye. Kila kisiki king'olewe, kila shimo lifukiwe, jiwe linalocheza litolewe. Penye mteremko, chimba vidato vipana, uvikingie kwa ubao au mawe yasiyosogea. Ninyi mnaokaa milimani, Uchagani, Upare, Uluguru au Umatengo, mwajua udongo mwekundu unavyoteleza ukinyeshewa. Mwageni kokoto au mchanga. Mawe ya kando ya njia yapakeni chokaa, kwa kuwa cheupe huonekana hata katika mwanga haba wa nyota. Kizingiti nacho kipake. Ikiwa kizingiti ni gogo refu la kuzuia maji na kuku, lichongwe, au liwekewe kidato kila upande.

Nimeona katika kijiji kimoja kijana aliyechomeka nguzo fupi toka mlangoni mpaka chooni, akafunga kamba ya katani kutoka nguzo hata nguzo, kimo cha kiuno. Babu yake hushika kamba hiyo akaenda na kurudi. Gharama yake ilikuwa kazi ya nusu siku. Nilimwuliza alijifunza wapi, akaniambia, "Nilimwona akipapasa ukuta."

Ndani ya choo pana taabu nyingine. Kuchutama si kazi. Kazi ni kuinuka. Magoti ya mzee hayana nguvu hiyo, naye hutafuta cha kushika asikione. Simika mti imara mbele yake, uzame chini vizuri, au pigilia kishikio ukutani. Bora zaidi, mwambie seremala akate tundu katika kiti kikuukuu chenye miguu mizito, kiwekwe juu ya shimo. Watoto wakicheka, wafundishwe. Sakafu ya saruji iliyolainishwa kama sahani ni mtego ikilowa. Ipigwe mistari kabla haijakauka, au ikwaruzwe.

Na kama usiku ni wa mvua, kwa nini atoke? Kopo lenye mfuniko, au ndoo, iwekwe pembeni mwa kitanda. Najua wazee wengi hukataa, hasa akina baba. Hawakatai kopo, wanakataa kumwona mkaza mwana wao akilimwaga asubuhi. Basi kazi hiyo apewe mjukuu wa kiume, ifanywe mapema na kimyakimya, wala isisemwe barazani. Mzee atakubali.

Mwanga uwe karibu na mkono wake. Kibatari hakifai: huzimika, na hushika mkono mmoja ambao ungeshika ukuta. Siku hizi taa ndogo za jua zimeenea madukani. Iache ikiwaka kwa mwanga mdogo, au umfungie tochi kwa ugwe aivae shingoni.

Ndani ya nyumba sina mengi. Mkeka uliokunjamana, kigoda kilichoachwa katikati, jembe lililoegemezwa mlangoni, maganda ya ndizi jikoni, mbwa aliyelala mlangoni: haya mwayajua. Kanga isifungwe ikaburuta chini. Ndala zilizolika soli zitupwe. Hata makatambuga yenye mkanda wa nyuma ni afadhali kuliko hizo. Vitu anavyovitumia mzee kila siku viwekwe kimo cha kifua chake, asipande kigoda kutafuta chumvi, wala asipande darini kushusha mahindi. Na ninyi akina babu, niwieni radhi, lakini mtu wa miaka 70 anafanya nini juu ya mwembe? Na kutoka kilabuni saa mbili usiku akiwa amelewa, je, hapo atamlaumu nani?

Kanisani nako tutazame. Makanisa yetu mengi yana ngazi za kuingilia zisizo na kishikio, na Misa ikiisha watu hutoka kwa kusukumana. Bomba moja la chuma pembeni mwa ngazi si gharama ya kuitisha harambee. Halmashauri ya walei ilifikiri jambo hilo.

Macho, miguu na vidonge

Wako wazee wanaoanguka kwa sababu hawaoni, nao hawasemi. Wamezoea ukungu kidogo kidogo, mwaka hata mwaka. Mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji mfupi, na mtu hurudi kuona. Huko Uingereza madaktari walipima jambo hili kwa akina mama waliopita miaka 70, wakatangaza habari yake mwaka 2005: wale waliopasuliwa jicho la kwanza mapema walipungukiwa na maanguko kwa theluthi moja hivi, kuliko wenzao waliongojeshwa. Madaktari wa macho wakija kupiga kambi wilayani kwenu, usimwache bibi nyumbani kwa kudhani kwamba ni safari ya bure.

Sasa vidonge. Mzee anayetumia dawa za presha, au za kumfanya akojoe sana, au za usingizi, aweza kupatwa na kizunguzungu. Asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe, maana presha nayo huua. Bali mchukue zahanati, pamoja na dawa zake zote katika mfuko mmoja, hata zile alizopewa na jirani, useme wazi: "Mzee huyu anayumba akisimama." Mganga aweza kuzipunguza au kubadili saa ya kuzimeza.

Kizunguzungu cha kuinuka chaja hata bila dawa. Mtu akilala kisha akasimama ghafula, damu hukimbilia miguuni, kichwa kikabaki bila damu ya kutosha kwa kitambo kidogo. Dawa yake haina bei. Mzee akiamka, aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo zake, akae muda wa kusali Salamu Maria tatu. Ndipo asimame, akishika kitu, na ndipo aende.

"Bibi, kaa tu"

Hapa nataka tusemezane vizuri, kwa sababu hapa wenye upendo ndio wanaokosa. Mzee akianguka mara moja, wanawe huogopa. Huanza kumwambia, "Mama, kaa tu. Mama, usiende kisimani. Mama, usishike jembe. Utaletewa." Naye mama hukaa. Akikaa mwezi mmoja, mapaja yamelegea. Akikaa mwaka, hawezi kuinuka bila kuvutwa. Siku atakapotaka kusimama mwenyewe, ataanguka, nanyi mtasema, "Si tulimwambia akae?"

Misuli ya mzee hupungua upesi isipotumiwa, nayo huongezeka tena ikitumiwa, hata baada ya miaka 80. Huko Nyuzilandi, katika mji wa Dunedin, akina mama wa miaka 80 na zaidi walifundishwa nyumbani mwao mazoezi ya kukaza miguu na kusimama imara, pamoja na kutembea. Mwaka 1997 ilitangazwa kwamba walianguka mara chache kuliko wenzao wasiofundishwa. Mazoezi yale yakaitwa kwa jina la Otago, ambalo ni jimbo lao, na sasa hutumika katika nchi nyingi.

Huna haja ya kwenda Nyuzilandi. Weka kiti kigumu, kimeegemea ukuta kisiteleze. Mzee ainuke na kuketi polepole mara tano, akiweza bila kutumia mikono. Baada ya majuma machache mara kumi. Asimame ameshika meza, ajiinue kwa vidole vya miguu, ashuke. Asimame kwa mguu mmoja kwa kushika, kisha mwingine. Mtu awe karibu naye siku za kwanza. Ifanyike siku tatu kwa juma au zaidi, na siku nyingine atembee, aende kwa jirani, achambue maharage barazani. Kazi ndogo asinyang'anywe.

Chakula pia. Kwa kuwa hana meno, wengi humpa bibi ugali na mchuzi tu, nyama zikaenda kwa wenye meno. Misuli haijengwi kwa mchuzi. Dagaa wakitwangwa, maharage yakipondwa, yai, maziwa, hivyo vyote hulika bila meno.

Na mkongojo je? Wako wazee wanaouona kuwa ni kutangaza uzee, wakauficha nyuma ya mlango. Mara nyingi kosa ni kipimo. Mkongojo mrefu mno huinua bega, mfupi mno huinamisha mgongo. Mzee asimame wima na viatu vyake, mikono inaning'inia. Kichwa cha mkongojo kifike kwenye kifundo cha mkono. Chini ufungiwe kipande cha mpira wa tairi usiteleze. Nao ushikwe kwa mkono ulio upande wa pili wa mguu mbovu. Yaani goti la kushoto likiuma, mkongojo ni wa mkono wa kulia. Watu wengi hufanya kinyume.

Akiisha kuanguka

Pamoja na hayo yote, mwingine ataanguka. Usimvute mkono kumsimamisha. Mwulize kwanza panapouma, mfunike asipate baridi. Ikiwa hana maumivu makali na aweza kusogeza miguu yote miwili, mgeuze ubavu, apige magoti, ashike kiti, ainuke mwenyewe nawe ukimsaidia.

Lakini ukiona mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umelala kwa nje, au akilia unapougusa mguu karibu na nyonga, ujue kwamba mfupa wa paja umevunjika, na yaelekea ni pale unapoingia nyonga. Asikandwe! Wakati mwingine hata mguu hauonyeshi dalili hiyo, ila hawezi kuukanyagia. Naye vile vile asikandwe. Fungeni miguu yote miwili pamoja kwa vitenge, mto katikati, mmlaze juu ya mlango au machela, mmpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Wanawake ndio hasa huvunjika hapo, kwa kuwa baada ya hedhi kukoma mifupa yao huwa myembamba. Mfupa huo ni vigumu kuunga wenyewe kitandani, na kulala miezi ndiko kunakoua, kwa vidonda, kwa kichomi, na kwa damu kuganda miguuni. Lakini hupasuliwa, ukafungwa chuma au kuwekwa kichwa kingine. Kazi hiyo hufanywa katika hospitali kubwa kama Bugando kule Mwanza, KCMC kule Moshi, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili huko Dar es Salaam. Hospitali ya wilaya ndiyo itakayompa barua ya kwenda huko.

Utaniuliza habari za fedha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitaka wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Nenda sasa, mzee angali mzima, ukaulize katika ofisi ya kijiji na kwa afisa ustawi wa jamii ni karatasi gani zinazotakiwa siku hizi. Kuzitafuta usiku huku mgonjwa analia ni taabu juu ya taabu.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo wengi hulisahau. Mzee akipiga kichwa, akaamka, akanywa chai, akasema hajambo, msidhani yamekwisha. Ndani ya fuvu damu yaweza kuvuja polepole sana, siku kadhaa, hata majuma kadhaa, na ubongo ukabanwa. Mtamwona analala kuliko desturi, au kichwa kinamwuma kila siku, au anatapika, au anaita wajukuu kwa majina yasiyo yao, au mguu mmoja unaburuta. Watu husema ameanza kuzeeka akili. Kumbukeni kwamba alianguka, mkamweleze daktari hivyo hivyo: alianguka lini, na alipiga wapi. Na kama dalili hizo zimeanza Jumamosi usiku, msingoje Jumatatu.